Kiti cha Nyuma

Miaka ishirini na miwili nimebeba watu mpakani Busia,
watu na sukari, watu na kuku, bibi harusi mmoja
aliyeuma shela kwa meno isinaswe na spoku.
Leo kiti cha nyuma ni kitupu
na baiskeli inanishangaa.
Inayumba. Haijui kwenda bila mtu.

Tumetoka Majanji alfajiri, baiskeli kumi na tisa.
Padre Egesa amenyunyizia minyororo maji ya baraka;
yangu nimeiongezea oili.
Ziwa liko kushoto. Litakuwa kushoto
siku tatu, mpaka Jinja.

Kila kilomita ina mtu aliyeiahidi:
mwenye duka la mbolea, elfu mbili;
kwaya ya Lumino, elfu moja na mia tano;
mama wa mandazi, mia mbili, tena akaomba radhi.
Ni fedha za mashine ya joto
ya watoto wanaowahi kuliko siku zao,
ambao kwa sasa, pale zahanati ya parokia,
huvikwa soksi kichwani
na kulazwa kati ya chupa mbili za maji moto.

Mimi si mtu wa kanisa.
Jumapili ndiyo siku ya abiria.

Namayingo, mvua.
Udongo ukashika matairi kama mdai aliyekuona sokoni.
Vijana wa Kampala, wenye baiskeli
unazoweza kuziinua kwa kidole, walishuka wakasukuma.
Nami nilishuka, nikasukuma.

Siku ya pili, kilima cha kuingia Mayuge,
mnyororo wa Ssekitto ukakatika vipande vitatu.
Karani wa benki huyo, miwani ya njano, soksi hadi magotini.
Pikapu ya Sista Naigaga ilikuwa mbali nyuma,
baiskeli yake tukaiachia muuza mananasi ailinde.
Panda, nikamwambia.
Akakitazama kiti: sponji, ngozi bandia, misumari.
Akapanda.
Na baiskeli ikatulia chini yetu,
ikanyooka, kana kwamba imeitwa kwa jina lake.

Baada ya kitambo akauliza mgongoni mwangu:
Mzee, hawa unaowabeba huwa wanakwambia nini?
Huniambia niongeze mwendo, nikasema.
Akacheka. Hakuniambia niongeze.

Jioni Sista alifungua daftari lake juu ya boneti.
Kilomita kumi na nne, watu wawili, baiskeli moja:
zihesabiwe mara ngapi?
Mmoja akasema asiyekanyaga pedali hakusafiri.
Mwingine akasema, basi hata mgonjwa hafiki hospitali.
Padre alikuwa anakamua soksi.
Andika mbili, akasema,
wa mbolea akilalamika, aje kwangu.

Walipokwenda kula nikabaki pale.
Sista, kuna kilomita nyingine.
Ngapi?
Kumi na moja. Buhehe hadi zahanati, usiku,
mwaka juzi, mwezi wa tano.
Taaka, jirani yangu, mimba ya miezi saba,
ngumi yake imekunja shati langu kiunoni.
Hakuniambia niongeze mwendo. Hakusema kitu.
Nilikuwa naziona tochi za mlinzi, nikasikia
ngumi inaachia, kisha inashika tena.
Tulifika. Mtoto naye alifika.
Chupa zilipoa kabla ya mapambazuko.

Baada ya mazishi aliniletea nauli.
Nilikataa, akaiacha juu ya kiti.
Elfu tatu. Tangu siku hiyo
iko humu, kwenye kikebe cha viraka na gundi.

Nikaitoa. Ilikuwa inanuka mpira.

Sista hakunihubiria.
Aliandika tarehe, akaandika kumi na moja,
akauliza jina la mtoto.
Sijui kama alipewa, nikasema.
Akaruka mstari mmoja, akauacha wazi,
akafunga daftari kwa raba.

Asubuhi, kabla ya Jinja,
nilikaza nati za kiti cha nyuma,
zote nne,
ingawa hazikuwa zimelegea.